Kadi za mkono: tabaka za karatasi, kitenge, au gome la mgomba?

Kadi ya mkono huharibika mara nyingi baada ya kazi kuisha. Jioni imelala vizuri mezani, rangi zimekaa, kingo zimenyooka. Asubuhi unaikuta imejipinda kama kigae. Mkosaji ni maji yaliyomo kwenye gundi. Nyuzi za karatasi zikinywa maji huvimba, na zikikauka husinyaa. Upande uliopakwa gundi ukisinyaa huku wa pili umetulia, karatasi hufuata upande unaovuta. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pambo kwa uzuri wake, lipime kwa swali hili: litahitaji gundi yenye maji kiasi gani, na maji hayo yataishia wapi?

Tunalinganisha aina tatu ambazo vifaa vyake vinapatikana Afrika Mashariki bila kuagiza kitu nje: kadi ya tabaka za karatasi, kadi ya kipande cha kitenge au khanga, na kadi ya gome kavu la mgomba, ile yenye picha za twiga, nyumba za msonge na wanawake waliojitwika mitungi, ambayo watalii huinunua sana kwenye maduka ya sanaa.

Msingi ni mmoja kwa zote

Hapa hakuna haja ya kusita. Chukua karatasi ngumu ya gramu 250 kwa mita ya mraba. Ya gramu 160 husimama kwa shida ikibebeshwa pambo. Ya gramu 300 inapendeza, lakini hupasuka kwenye mkunjo usipoichora kwanza mfereji wa kukunjia. Manila laini ya chati za shule ifanye tabaka za juu, isiwe msingi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 nayo ina kazi zake mbili, tutazifikia.

Kata A4 katikati upate A5 mbili, milimita 148 kwa 210, kisha ikunje kila moja iwe A6, milimita 105 kwa 148. Kadi hiyo huingia kwenye bahasha ya C6, yaani milimita 114 kwa 162, na kubaki na nafasi ya kupumua. Amua bahasha kwanza. Kadi ya ukubwa wa kubuni itakulazimisha kutengeneza bahasha kwa kila moja.

A6 ina faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo: nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Ukiikunja kufuata nyuzi, mkunjo huwa laini. Ukiikunja kwa kuzikata, uso hupasuka na weupe wa ndani kuchungulia, hasa kwenye karatasi ya rangi. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zilizolala kwenye urefu. Ukikunja A4 nzima kupata kadi kubwa ya A5, unakunja kinyume cha nyuzi. Ukikata kwanza vipande viwili vya A5 halafu ukakunja kuwa A6, mkunjo unafuata nyuzi. Huna hakika na karatasi uliyonunua? Ikunje taratibu bila kuibonyeza, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa wepesi ndio wenye nyuzi.

Kuchora mkunjo: weka karatasi juu ya gazeti lililokunjwa, weka rula ya chuma, pitisha bolpeni iliyoisha wino mara mbili au tatu kwa nguvu ya wastani. Upande uliopitisha bolpeni utakuwa na mfereji, na upande wa pili utakuwa na tuta dogo. Kunja tuta liwe ndani ya kadi. Wengi hukunja kinyume, mfereji ukawa ndani, na hapo karatasi nene hupasuka mgongoni.

Kadi ya tabaka za karatasi

Hii ndiyo kadi kavu kuliko zote, kwa sababu inaweza kutengenezwa bila tone la maji. Juu ya msingi wa A6 unabandika kipande cha milimita 99 kwa 142 ili msingi uonekane milimita 3 kila upande. Juu yake unaweka cha milimita 93 kwa 136, kisha umbo au maandishi. Tabaka hizi ziwe za gramu 160 au chini. Tabaka tatu za gramu 250 hufanya kadi isifunguke vizuri.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haifichi makosa. Ukingo wa milimita 3 ukienda upogo kwa milimita moja tu, jicho linauona kutoka upande wa pili wa meza. Anayeanza aache milimita 5, yaani kipande cha 95 kwa 138. Kosa lilelile halitaonekana sana, kwa sababu ni sehemu ndogo ya ukingo wote.

Kwa kubandika, selotepu ya pande mbili inashinda gundi zote hapa. Ugumu wake ni kwamba ikishagusa imegusa. Weka selotepu kwenye pande nne za nyuma ya kipande, milimita 3 kutoka ukingoni. Bandua ngozi yake ya juu sentimita mbili tu kwenye pembe mbili zinazotazamana, ikunje ngozi hiyo itokeze nje, kisha weka kipande juu ya kadi. Ngozi iliyobaki itakuruhusu kukisogeza mpaka kikae sawa. Bonyeza zile pembe mbili, halafu vuta ngozi iliyobaki pole pole ukiwa umeshikilia katikati.

Kukata kunahitaji kisu cha karatasi chenye makali ya kuvunja na rula ya chuma. Rula ya plastiki huliwa na kisu, na kila kovu lake litahamia kwenye kadi inayofuata. Pitisha kisu mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Ukiona ukingo umetoa vinyweleo, makali yamekufa: vunja kipande cha mbele uendelee. Wembe wa kawaida hufanya kazi, lakini hupinda na kuuacha mstari kwenye karatasi nene.

Onyo mbili za rangi. Zile karatasi nyembamba zenye makunyanzi za kupambia kumbi huachia rangi zikiguswa na maji, hata jasho la vidole. Zipe selotepu tu. Na manila za rangi za bei ya chini hupauka juani, hivyo usizianike dirishani ukisubiri mteja.

Kadi ya kitenge na khanga

Vipande vinavyobaki kwa fundi cherehani vinatosha kadi nyingi, na mafundi wengi huvitupa. Chagua chapa ndogo. Kitenge chenye ndege au maua ya ukubwa wa sahani ni kizuri kwenye gauni, lakini ukikata sentimita 8 kwa 11 utapata bawa moja lisilojulikana ni la nini. Kifue kwanza na kukipiga pasi. Kuna rangi zinazotoka, na rangi ikitoka juu ya karatasi nyeupe haina dawa.

Matatizo ni mawili: kingo kufumuka nyuzi na gundi kupenya hadi usoni. La pili ni kali zaidi kwenye khanga, ambayo aghalabu ni nyepesi kuliko kitenge. Gundi nyeupe ikipakwa nyingi hutokea upande wa pili na kuacha doa gumu lenye kung'aa.

Njia ya kwanza ni kukiimarisha kitambaa. Changanya gundi nyeupe sehemu mbili na maji sehemu moja, paka kwa brashi tabaka jembamba upande wa nyuma, ning'iniza kikauke kabisa, piga pasi juu ya karatasi ya kuokea, kisha ndipo ukate. Kitakatika kama karatasi na hakitafumuka. Maji yametumika, lakini yamekauka kabla kitambaa hakijaikaribia kadi. Hilo ndilo la kuzingatia. Mwenye kitambaa kigumu cha kola kinachobandikwa kwa pasi atapata matokeo yaleyale kwa dakika chache, na uso safi zaidi.

Njia ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza: dirisha. Chukua kipande cha karatasi cha 95 kwa 138, toboa katikati dirisha la milimita 60 kwa 85. Weka kitambaa cha milimita 75 kwa 100 nyuma yake, kishikilie kwa selotepu ya pande mbili kuzunguka, kisha bandika fremu nzima juu ya kadi. Kingo za kitambaa zimefichwa, hakuna pa kufumuka, na gundi haikuhitajika. Dirisha linaweza kuwa moyo, mwezi mwandamo au umbo la kanzu. Kazi ni ya kisu tu.

Jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa chini, huwavutia wengi kama ujumbe wa kadi. Tatizo ni kipimo. Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa zinazoenea kwenye upana wa nguo, na sentensi nzima haiingii kwenye milimita 148. Neno moja huweza kuingia ukiifungua kadi kwa urefu, ila angalia lisibaki neno ambalo peke yake lina maana nyingine. Mafumbo ya khanga hubeba vijembe, na mpokeaji anaweza kuwa analijua jina zima.

Kadi ya gome la mgomba

Hapa ndipo uzuri na taabu vinapokutana. Mgomba ukishazaa mkungu mmoja hukatwa, machipukizi yakachukua nafasi, kwa hiyo gome ni masalio ya shamba na halimgharimu mkulima kitu. Maganda ya nje ya shina hujikausha yenyewe yakiwa bado yamesimama, na rangi yake huanzia krimu hadi hudhurungi nzito inayokaribia weusi. Rangi hizo za asili ndizo mchoro mzima: ngozi ya mtu, kivuli cha mti, paa la nyasi. Chora kwa kuchagua vipande. Rangi ya kopo itaua kazi.

Ganda la mgomba si ubao mmoja. Lina ngozi ya nje, ngozi ya ndani iliyo laini na yenye kung'aa zaidi, na katikati yao vyumba vya hewa vilivyopangwa kama wavu. Ukibandika ganda zima, unabandika hewa: baada ya muda tabaka la juu litajitenga na lile lililoshika gundi. Litenganishe. Ingiza ncha ya kisu ukingoni, uivute ngozi kwa urefu wake pole pole, halafu kwangua wavu uliobaki nyuma. Unachotaka ni ngozi nyembamba inayopinda bila kuvunjika. Usitupe wavu wenyewe. Kwenye picha hufanya nyavu za wavuvi na vikapu vya kupendeza sana.

Utayarishaji una hatua chache, na kila moja ina sababu. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi kidogo, kwa sababu gundi hushika vumbi badala ya gome. Anika juani, kwa sababu maganda hukaliwa na wadudu. Piga pasi ya moto wa kati bila mvuke, ukifunika kwa kitambaa cha pamba. Hapo hunyooka na unyevu uliobaki hutoka. Kisha weka chini ya vitabu vizito kwa siku mbili au tatu. Gome lililorukwa hatua hii ya mwisho hurudia umbo la shina, na likirudia litabeba kadi nalo. Gome lenye unyevu likifungiwa kwenye mfuko wa plastiki hutoa ukungu wa kijivu, na ukungu ukishaingia kwenye nyuzi hautoki.

Gome hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Ukikata mkono wa mtu au shingo ya twiga kukingama na nyuzi, itavunjika kabla hujaibandika. Panga umbo ili nyuzi zipite kwa urefu wa kiungo. Na hapa ndipo karatasi ya gramu 80 inapopata kazi yake ya kwanza: bandika ngozi ya gome juu yake kwa gundi nyeupe iliyotandazwa nyembamba, ikandamize hadi ikauke, ndipo uchore umbo upande wa karatasi na kukata kwa mkasi mdogo. Karatasi ya nyuma huzuia mpasuko na hukupa mahali pa kuchora. Kumbuka tu kuchora picha ikiwa imegeuzwa, kulia iwe kushoto.

Gundi ya stiki na selotepu hazilishiki gome kwa muda mrefu. Uso wake una nta na mabonde. Linahitaji gundi nyeupe, maana yake linahitaji maji, na tumerudi pale tulipoanzia. Dawa ni kutojenga picha moja kwa moja juu ya kadi. Ijenge juu ya kipande cha pembeni cha gramu 160, milimita 95 kwa 138. Tandaza gundi kwa kipande cha kadi gumu, isibaki hata tone linalong'aa. Funika kwa karatasi ya kuokea, weka uzito, acha usiku kucha. Kikijipinda kidogo, paka maji kidogo sana kwa sponji upande wa nyuma na ukirudishe chini ya uzito: pande zote mbili sasa zinavuta sawa. Kikishanyooka na kukauka ndipo kiende kwenye kadi, kwa selotepu ya pande mbili. Kadi yenyewe haijaonja maji.

Kwa ufupi, upande kwa upande

| | Karatasi | Kitenge | Gome |
|---|---|---|---|
| Maji kwenye kazi | hakuna | kidogo, au hakuna ukitumia dirisha | mengi |
| Muda hadi kukamilika | siku hiyohiyo | siku hiyohiyo, au kesho yake | siku tatu au zaidi |
| Kinachoharibika kwanza | mpangilio kwenda upogo | nyuzi kufumuka, madoa | kujipinda, ukungu, mpasuko |
| Kurudia nakala nyingi zilizofanana | rahisi | inawezekana kwa dirisha | vigumu, kila gome lina rangi yake |
| Posta ya nje | salama | salama | angalia nchi inakokwenda |

Gundi nyingine mbili za kutaja. Gundi ya moto inafaa kwa shanga, kifungo au utepe, lakini huacha donge linalosukuma bahasha. Uji wa unga, sehemu moja ya unga wa ngano kwa tano za maji, hubandika karatasi vizuri na ni rahisi, ila ni chakula: mende wataifuata kadi kabatini, na pwani itaota ukungu. Mradi wa darasani sawa, kadi ya kuuza hapana.

Uchague ipi kwa shughuli ipi

Mwaliko wa harusi, kipaimara au mahafali, ambapo kadi hamsini zinatakiwa kufanana: tabaka za karatasi, bila mjadala. Hamsini za A6 zinahitaji A4 ngumu 25 za msingi. Nunua 30, kwa sababu kisu kitateleza. Fanya hatua moja kwa zote kabla ya kwenda nyingine: kata zote, chora mikunjo yote, kunja zote, bandika zote. Anayemaliza kadi moja moja huishia na hamsini za vipimo hamsini. Ukitaka ladha ya kitambaa, fremu ya dirisha yenye kitenge cha sare ya kamati hupendeza, na kazi inayoongezeka si kubwa.

Kadi za kuwatakia heri watahiniwa wa kidato cha nne, msimu wa Oktoba na Novemba, hupitia mikono mingi na mikoba mingi. Karatasi tena, na usiweke kitu kinachotokeza. Kadi itarundikwa na nyingine na kitu hicho kitachora kovu kwenye zote mbili. Rambirambi nayo iwe karatasi, rangi mbili zilizotulia, bila kumetameta.

Idi, siku ya kuzaliwa, zawadi kwa mama mzazi au mkwe: kitenge. Kina uhai ambao karatasi haiufikii, na ukipata kipande cha nguo ambayo familia iliivaa pamoja, kadi inakuwa na maana ambayo duka haliuzi.

Gome ni la kadi moja ya kuhifadhiwa: ya kuaga, ya mlezi anayestaafu, ya mgeni anayerudi kwao. Pia ni la kuuza, kwa sababu mnunuzi analipia mkono. Lakini likienda kwa posta, fikiria linakokwenda. Australia na New Zealand hukagua kwa ukali vitu vyenye asili ya mimea, na barua inaweza kuzuiwa. Mpe mpokeaji mkononi, au tumia kitenge.

Kwa posta, uzito nao una neno. Katika posta nyingi, ngazi ya kwanza ya nauli ya barua huishia gramu 20. Msingi wa A6 wa gramu 250 una takriban gramu 8, tabaka mbili za juu zina kama gramu 4, karatasi ya ndani ya kuandikia gramu 2.5, bahasha kama gramu 4. Jumla ni kama 18 na nusu. Umebakiwa na gramu moja na nusu: kitenge cha dirisha kitaingia, mstari wa shanga hautaingia. Kadi ya A5 kutoka A4 nzima inaanza na karibu gramu 16 kabla ya bahasha, kwa hiyo imeshashindwa. Unene nao usizidi milimita 5.

Hiyo karatasi ya ndani ndiyo kazi ya pili ya gramu 80. Kata A5, punguza milimita 5 kila upande, ikunje, andika ujumbe wako, kisha ishikize ndani kwa mstari mmoja mwembamba wa gundi ya stiki kando ya mkunjo. Ukikosea jina la mtu, unabadilisha karatasi, kadi inabaki.

Bahasha ikikosekana dukani, A4 moja ya fotokopi hutoa moja. Isimamishe kwa urefu na uchore mistari miwili, milimita 24 kutoka kila ukingo wa pembeni, katikati ibaki 162. Kutoka chini pima 110 za mgongo, kisha 114 za uso, kisha 60 za mfuniko. Milimita 13 za juu zikatwe. Masikio ya pembeni yaache kwenye uso tu, mengine kata. Kunja masikio ndani, pandisha mgongo juu yake, bandika kwa gundi ya stiki. Gundi nyeupe usiitumie hapa: karatasi nyembamba hivyo itakunyanzika.

Wakati wa masika, na pwani karibu mwaka mzima, hifadhi kadi zilizokamilika kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Za gome zitenganishe kwa karatasi kavu, na uzifungue kila baada ya wiki mbili uangalie kama kuna harufu ya ukungu.